Reli Zilizong'olewa na Maneno Yaliyobaki: Urithi wa Reli za Mashambani Kuanzia Changamwe

Utangulizi

Tangu zamani njia ya nchi kavu itokayo kisiwa cha Mvita kwenda bara ilipitia Makupa, ambapo maji yakipwa watu waliweza kuvuka kwa miguu. Wareno walijua thamani ya kivuko hicho wakajenga ngome ndogo za kukilinda. Mwaka wa 1896, wajenzi wa Reli ya Uganda walipotaka kuvusha njia yao kutoka Kilindini hadi Changamwe, walikuja papo hapo wakasimamisha daraja la muda la mbao. Daraja la reli lilipewa jina la Lord Salisbury, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza. Daraja hilo sasa halipo, na jina la Salisbury halimo midomoni mwa watu. Jina la Makupa limebaki, nalo ndilo wanalolitumia wachukuzi, wenye magari na serikali yenyewe.

Mfano huu unaonyesha jambo ambalo wahifadhi wa historia ya reli hawajalitilia maanani ya kutosha. Anapotajwa mtu anayehifadhi urithi wa reli, mawazo huenda moja kwa moja kwenye injini, stesheni, madaraja na vyuma. Lakini chuma cha reli ni mali inayouzika na kuhamishika. Reli ikifungwa, hung'olewa ikapelekwa kwingine. Kinachosalia mahali pale ni majina ya mahali, majina ya kazi na msamiati wa watu walioifanya kazi hiyo. Makala haya yanakusudia kueleza, kwa kuanzia Changamwe na kuangalia reli nyingine za Afrika ya Mashariki, kwamba urithi wa reli za mashambani zilizotoweka umo katika lugha kuliko ulivyo katika chuma; kwamba sehemu ya urithi huo imo hatarini; na kwamba kazi ya kuuokoa ni ya wanaisimu kama ilivyo ya makumbusho.

Reli zilizotoweka

Reli ya kwanza iliyokusudiwa kwenda bara kutoka Mombasa siyo ile inayojulikana na wengi. Kampuni ya Imperial British East Africa ya William Mackinnon, iliyopata hati ya kifalme mwaka wa 1888, ilianza mwaka wa 1890 kutandika reli nyembamba yenye upana wa inchi 24, yaani kiasi cha sentimita 61. Iliitwa kwa jina kubwa, Central Africa Railway, ingawa haikupita maili 7, sawa na kilomita 11 hivi. Fedha za kampuni hazikutosha, na tarehe 1 Julai 1895 serikali ya Uingereza ikatangaza himaya yake juu ya nchi. Vyuma vya reli hiyo havikupotea bure: vilitumika kutengenezea njia za toroli katika kisiwa cha Mombasa. Kwa miaka mingi wakubwa wa serikali na matajiri waliketi katika vigari vyenye mwavuli wa turubali, wakisukumwa na watu juu ya reli hizo mabarabarani, hadi magari ya petroli yalipoziondoa katika miaka ya 1920. Hivyo reli ya kwanza ilitoweka mara mbili, kwanza ikiwa reli ya kwenda bara na kisha ikiwa njia ya toroli.

Ya pili ni Reli ya Uganda yenyewe, yenye upana wa mita 1, iliyofika Nairobi mwaka wa 1899 na Port Florence, yaani Kisumu, mwezi wa Desemba 1901. Kwa hesabu za serikali, watu 31,983 waliletwa kutoka Bara Hindi kuijenga. 2,493 kati yao walikufa kazini, na 6,724 walibaki nchini mikataba yao ilipomalizika. Baadaye njia hiyo ilitoa matawi. Tawi la Voi kwenda Taveta lilijengwa mwaka wa 1915 kwa ajili ya vita dhidi ya Wajerumani. Matawi ya Solai, Kitale, Thomson's Falls na Butere yalijengwa kati ya miaka ya 1920 na mwanzo wa miaka ya 1930 ili kuchukua mazao ya mashambani. Kwa kuwa matawi hayo yalitegemea shehena ya mashamba, barabara za lami zilipoenea na malori yakazidi, mengi yao yalidhoofika na kuachwa.

Visiwani na Tanganyika hali ilikuwa hiyo hiyo. Unguja ilikuwa na reli ya kutoka mjini hadi Bububu, yenye urefu wa maili 7, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani ya Arnold, Cheney na kuanza kazi mwaka wa 1905. Serikali iliinunua mwaka wa 1911, na usafiri wa abiria ukakoma mwaka wa 1922. Kusini mwa Tanganyika, mpango wa karanga ulioanza mwaka wa 1947 ulileta reli ya Nachingwea, ambayo baadaye iliunganishwa na bandari mpya ya Mtwara. Mpango ukaanguka mwaka wa 1951, na reli yenyewe ikafungwa mwaka wa 1962 na kung'olewa.

Hatimaye mabadiliko yalirudi Changamwe. Tarehe 31 Mei 2017 ilizinduliwa reli mpya ya upana wa kimataifa, inayoanzia Miritini, na mwaka huo huo treni ya abiria ya reli ya zamani kati ya Mombasa na Nairobi ilikoma. Reli mpya haisimami katika kila kijiji. Abiria wa Mazeras, Maji ya Chumvi, Samburu, Taru na Mackinnon Road, ambao babu zao walizaliwa wakiikuta stesheni, walibaki wakiitazama treni ikipita bila kusimama. Ndiyo maana suala la urithi wa reli za mashambani si la watu wa kale pekee.

Tabaka tatu za msamiati

Kiswahili cha Mombasa kiliipokea reli kwa namna inayostahili kuchunguzwa. Kwa bahati njema kipo kipimo cha kuanzia. Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka wa 1844 na kisha kuishi Rabai, si mbali na Changamwe, alikusanya kamusi iliyochapishwa mwaka wa 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Kamusi hiyo imejaa Kimvita cha kabla ya reli. Kwa upande wa pili ipo kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka wa 1939, iliyotoka wakati mtandao wa reli ulikuwa umekwisha kuenea. Baina ya vitabu hivyo viwili imo miaka 57, na ndani ya miaka hiyo ndimo lugha ya reli ilimozaliwa. Anayetaka kujua Kiswahili kilifanya nini na chombo kile kigeni hana budi kuvilinganisha.

Tabaka la kwanza la msamiati huo ni la bahari. Watu wa pwani hawakungoja kufundishwa jinsi ya kusema habari za safari, kwa kuwa walikuwa mabaharia. Walilipa *nauli*, neno la Kiarabu lililohusu ujira wa chombo cha baharini. Waliosafiri waliitwa *abiria*, na mizigo iliitwa *shehena* kama ilivyoitwa jahazini. Mfano ulio mzuri zaidi ni *taruma*. Mataruma ni miti ya kuimarisha ubavu wa chombo. Walipoona vipande vya mbao na vya chuma vimelazwa chini kukingama, reli mbili zimekaa juu yake na kushikiliwa zisiachane, watu waliviita mataruma ya reli. Aliyelitumia neno hili hivyo kwa mara ya kwanza alikuwa ameliangalia tuta la reli kwa jicho la fundi wa jahazi, akaona kazi ile ile ikifanywa na umbo lile lile. *Behewa* nalo, lenye asili ya Kiarabu na linalohusiana na ukumbi au banda, lilitoka katika nyumba likaingia katika treni.

Tabaka la pili ni la Bara Hindi, na liliingia kwa njia ya biashara ya bahari na, baadaye, ya kambi za wajenzi. *Gari* ndilo maarufu kuliko yote, na kutokana nalo likapatikana *gari la moshi*. Yamo pia *kuli* na *karai*. Habari ya karai ina umaalumu wake. Huko Mackinnon Road, kando ya reli, liko kaburi la Sayyid Baghali Shah, mfanyakazi wa reli kutoka Bara Hindi, na msikiti umejengwa hapo. Husimuliwa kwamba alipobeba karai la mchanga, karai hilo halikugusa kichwa chake bali lilielea juu yake. Msomaji anaweza kuipokea hadithi hii kwa imani au kwa tahadhari. Kwa mwanaisimu jambo la kuangaliwa ni kwamba chombo cha kazi ya kibarua kimepewa nafasi katika kumbukumbu ya kidini, na jina lake likaenda pamoja nacho. Leo vijana wa mjengo Changamwe na Kisauni hubeba karai kila siku bila kujua kwamba neno hilo lilipata kubebwa na maelfu waliotandika reli.

Tabaka la tatu ni la Kiingereza, nalo ni la mamlaka na ufundi: *reli, stesheni, injini, tikiti, gadi, bogi, pointi*. Hapa pia lugha haikukaa kimya. Neno *genge*, kwa maana ya kundi la vibarua wa kazi moja, lilipanuka hadi likamaanisha mahali ambapo vibarua hao huuziwa chakula, na kisha soko dogo la mtaani. Mama anayemtuma mtoto gengeni kununua nyanya anatumia neno lililofuata vibarua kutoka kazini hadi mahali pa kula, na kutoka hapo hadi jikoni.

Kulipita na kusalia

Ukiyapanga maneno haya kwa kuangalia yaliyoishi na yanayokufa, kanuni moja hujitokeza. Neno lenye matumizi nje ya reli huokoka reli inapofungwa. Nauli na abiria yamehamia matatu. Genge limehamia sokoni. Karai limehamia kwenye ujenzi. Hata *gari la moshi* limeendelea kutumika baada ya injini za dizeli kuingia katika miaka ya 1960 na moshi wa makaa kutoweka. Lakini neno ambalo maana yake imefungwa katika kazi ya reli peke yake halina pa kuhamia. Taruma ni neno la namna hiyo. Mafundi wa majahazi wanapungua, na watandika reli wa mkono wanapungua. Watu wa kazi zote mbili wakiondoka, neno litabaki katika kamusi bila msemaji. Yako pia maneno ambayo hayakuingia katika kamusi yoyote: majina waliyopeana watu wa karakana, majina ya sehemu za injini, majina ya milio ya firimbi na ya zamu za usiku. Hayo yakitoweka hayataacha hata alama ya kuonyesha kwamba yalikuwapo.

Kwa upande wa majina ya mahali, kanuni ni tofauti kidogo. Majina yaliyotolewa na wakubwa wa reli yalifutika mengi: Port Florence ikawa Kisumu, Thomson's Falls ikawa Nyahururu, na Salisbury ikarudi kuwa Makupa. Majina yaliyokuwapo kabla ya reli, kwa upande mwingine, yalipata nguvu kwa kuandikwa kwenye mabao ya stesheni. Changamwe na Kilindini ni majina ya mataifa mawili kati ya Thelatha Taifa ya Mvita, la tatu likiwa Watangana. Reli iliyachukua majina ya koo za watu wa mji ikayafanya majina ya stesheni na bandari, na wasafiri wa kutoka Kampala waliyajua bila kujua habari za mataifa yenyewe. Yako vilevile majina yaliyozaliwa na reli na kuishi baada yake. Katika manispaa ya Mtwara Mikindani iko kata iitwayo Reli. Mtoto anayezaliwa humo leo hana reli ya kuiona, na wazazi wake pengine hawakuiona. Anayo anwani tu.

Hoja za upinzani

Ziko hoja mbili zinazoweza kutolewa dhidi ya msimamo huu, na zote mbili zina uzito.

Ya kwanza ni kwamba neno si shahidi wa kuaminika. Mfano wa Bububu watosha. Watu wengi husema kwamba kijiji hicho kilipewa jina kwa kuiga mlio wa treni iliyofika huko mwanzoni mwa karne ya ishirini. Lakini Emily Ruete, binti wa Sayyid Said aliyezaliwa Sayyida Salme, anaitaja Bububu katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka wa 1886, karibu miaka 20 kabla ya reli hiyo. Kwa hiyo asili inayosimuliwa si kweli. Hata hivyo hoja hii haiondoi thamani ya simulizi. Inaonyesha kwamba reli iliyofanya kazi ya abiria kwa miaka isiyofika 20 ilizama katika fahamu za watu kiasi cha kulinyakua jina lililoitangulia. Mtafiti anayelikataa elezo la uongo bila kuuliza kwa nini lilipendwa amepoteza nusu ya ushahidi wake. Jawabu ni kuyalinganisha masimulizi na maandishi yenye tarehe.

Ya pili ni hoja ya kisiasa: reli ilikuwa chombo cha ukoloni, kilicholeta walowezi na kuchukua ardhi, kwa nini basi watu walioumizwa nayo wahangaikie kuihifadhi? Hoja hii ingekuwa na nguvu zaidi kama urithi wa reli ungekuwa ni mabehewa ya daraja la kwanza na majina ya magavana. Msamiati unaozungumziwa hapa haukutungwa na magavana. Ulitungwa na vibarua, makuli, mafundi na abiria wa daraja la tatu. Mwezi wa Januari 1947, wafanyakazi wa bandari, wa reli na wa kazi nyingine Mombasa walipogoma kwa pamoja, walikuwa watu wa makabila mengi ambao lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Chege Kibachia, aliyekuja kuwa kiongozi wa African Workers' Federation iliyotokana na mgomo huo, alikamatwa mwaka huo huo na kupelekwa kizuizini mbali na mji. Lugha ya kudai mshahara ilikuwa lugha ile ile ya kutandika mataruma. Kuiacha ife ni kuwaachia waajiri peke yao historia ya reli, kwa kuwa wao waliacha majalada na vibarua hawakuacha.

Yapasayo kufanywa

Nchi nyingine zimekwisha kuonyesha kwamba reli ndogo si jambo dogo. Huko Wales, reli nyembamba ya Talyllyn iliokolewa na watu wa kujitolea mwaka wa 1951, ikawa ya kwanza duniani kuhifadhiwa kwa njia hiyo. Reli ya Darjeeling nchini India, yenye upana uo huo wa inchi 24 kama ile ya Mackinnon, iliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 1999. Kenya nayo ina Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka wa 1971, ambamo imehifadhiwa injini kubwa nambari 5918 iitwayo Mount Gelai, mojawapo ya injini 34 zilizopanda kutoka Mombasa katika siku za mwisho za mvuke. Hayo ni mema, ila injini haisemi. Alama ya mkono wa mtu aliyeiendesha inaweza kuonekana kwenye mpini. Jina aliloliita mpini huo halionekani.

Sheria za kuliwezesha jambo hili zipo. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Kitaifa ilipitishwa mwaka wa 2006, na mwaka wa 2007 Kenya iliridhia Mkataba wa UNESCO wa 2003 juu ya urithi wa kitamaduni usioshikika, ambao unataja ufundi na simulizi waziwazi. Kinachokosekana ni kazi yenyewe, nayo inaweza kuelezwa kwa hatua nne. Kwanza, wastaafu wa reli wa Changamwe, Miritini, Mazeras na vijiji vya stesheni hadi Voi wahojiwe kwa Kiswahili chao wenyewe, na sauti zao zihifadhiwe nzima, si kwa muhtasari wa mtafiti. Pili, maneno yatakayopatikana yalinganishwe na Krapf na Johnson, ili ijulikane lipi ni la bahari, lipi ni la Bara Hindi na lipi lilizaliwa karakanani. Tatu, majina ya stesheni, makambi na mitaa yaliyotokana na reli yaandikwe pamoja na masimulizi yake yote, ya kweli na ya kubuni, na tarehe za maandishi zinazoyapima. Nne, nakala zikae mahali ambapo mtu wa Changamwe anaweza kuzifikia, kama vile Fort Jesus na vyuo vya Pwani, zisifungiwe Nairobi au ng'ambo.

Muda wa kuifanya kazi hii unaweza kuhesabiwa. Kijana aliyeajiriwa na reli akiwa na miaka 20 katika mwaka wa 1960, wakati mvuke na dizeli zilipokuwa zikipishana, sasa amepita miaka 80. Aliyeajiriwa baada ya mwaka wa 1980 hakuchochea makaa wala kujaza maji katika injini ya mvuke kama kazi yake ya kila siku; maneno ya kazi hiyo anayo kwa kusikia. Kwa hiyo kizazi kimoja tu ndicho kinachoweza kueleza, kwa kukumbuka kazi ya mikono yake, kila neno lilimaanisha nini. Wapo ambao wangali hai katika vijiji vilivyo kando ya njia ya zamani, saa chache tu kwa matatu kutoka Makupa. Idara za Kiswahili zinazopeleka wanafunzi wao kutafuta tenzi na methali zina sababu ya kuwapeleka huko pia, na kuwapeleka mapema.